Nafasi ya Ukuta katika Uhamishaji wa Joto ndani ya Mifereji Midogo

0. Utangulizi

Katika mafundisho ya kawaida ya fizikia, ukuta wa bomba lipitishalo maji hutajwa kwa maneno machache tu. Upande mmoja kuna maji, upande wa pili kuna moto au hewa, na katikati kuna ukuta, ambao kazi yake ni kuacha joto lipite. Ukuta huhesabiwa kuwa mpaka, na mpaka hauna habari zake wenyewe. Kwa bomba la kawaida mazoea hayo hayaleti hasara kubwa, kwa sababu ukuta ni mwembamba ukilinganishwa na upana wa njia ya maji, na maji yapitayo ni mengi.

Hali ilibadilika pale mafundi wa vipande vya silikoni walipoweza kuchonga mifereji yenye upana wa unywele wa binadamu, yaani mikromita 50 hadi 100 hivi. Katika mifereji hiyo ukuta una unene sawa na njia ya maji, na mara nyingine unaizidi. Joto liingialo ndani yake halilazimiki kuvuka moja kwa moja; laweza kutembea ndani ya ukuta kwenda mbele, kurudi nyuma, au kupanda juu, kabla ya kuyafikia maji.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo hilo hatua kwa hatua. Yataonyesha kwamba wepesi wa ukuta wa kupitisha joto unaweza kuwa msaada katika chombo kimoja na hasara katika chombo kingine, na kwamba mpimaji asiyeuzingatia anaweza kudhani amegundua sheria mpya ya maumbile, kumbe amepima tabia ya ukuta wake. Suala hili ni la wanafizikia na wahandisi kwanza, lakini linawahusu pia wanafunzi wa Kiswahili, kwa kuwa lugha hujaribiwa hasa pale inapotakiwa kutenganisha mambo ambayo maongezi ya kila siku huyachanganya.

1. Maneno ya msingi

Jambo la kwanza kutenganisha ni joto na halijoto. Katika maongezi, neno «joto» hubeba maana zote mbili: mtu husema leo kuna joto, na husema pia moto unatoa joto. Katika sayansi, joto ni nishati inayohama kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Hupimwa kwa juli, na wingi wake kwa kila sekunde hupimwa kwa wati. Halijoto ni kipimo cha jinsi kitu kilivyo cha moto au cha baridi. Hupimwa kwa digrii. Joto huhama kwa sababu halijoto za mahali pawili hazilingani. Asiyetofautisha maneno haya mawili hawezi kufuata hoja zitakazokuja, maana zote zinahusu swali moja: halijoto ikijulikana mahali fulani, je, njia iliyofuatwa na joto inajulikana pia?

Jambo la pili ni njia zenyewe. Joto likihama ndani ya kitu bila kitu hicho kusogea, huitwa upitishaji. Mwenye kusonga bukari hutumia mwiko wa mti, wala hatumii kijiko cha chuma, kwa sababu joto la sufuria lingepanda katika chuma hadi mkononi. Joseph Fourier, Mfaransa, aliweka kanuni ya upitishaji katika kitabu chake cha mwaka 1822: wingi wa joto lipitalo hulingana na ukali wa mteremko wa halijoto, na kila maada ina uwezo wake wa kupitisha. Kwa kipimo cha wati kwa kila mita na kila digrii, shaba ina uwezo wa 400 hivi, silikoni 150, chuma kisichoshika kutu 15, kioo 1, na maji 0,6. Shaba, basi, hupitisha joto takriban mara 400 kuliko kioo. Msomaji wa Katanga, jimbo ambalo katika enzi ya Zaire liliitwa Shaba, hahitaji kuelezwa kwa nini madini hayo hutafutwa na watengenezaji wa vyombo vya umeme na vya kupozea. Ila makala haya yataonyesha mahali ambapo wepesi huo wa shaba ni kasoro.

Njia ya pili huitwa hapa uchukuzi: joto huingia katika maji au hewa, na maji au hewa hiyo huondoka nalo. Ndani ya mfereji njia zote mbili hufanya kazi pamoja. Joto hupitishwa na ukuta, huingia katika maji yaliyo karibu na ukuta, kisha huchukuliwa na mkondo.

2. Faida ya udogo

Kwa nini mtu ajisumbue kuchonga mifereji midogo kiasi hicho? Jibu limo katika kanuni rahisi. Maji yanapopita taratibu katika njia nyembamba, hutembea kwa tabaka zilizo sambamba, bila machafuko. Katika mtiririko wa namna hiyo, joto halina budi kuvuka tabaka za maji kwa upitishaji, na maji ni kipitishi dhaifu. Kadiri njia ilivyo nyembamba, ndivyo safari hiyo ilivyo fupi.

Wataalamu hueleza jambo hili kwa namba ya Nusselt, iliyopewa jina la Mjerumani Wilhelm Nusselt, ambaye mwaka 1915 alichapisha misingi ya uhamishaji wa joto kwa kutumia namba zisizo na vipimo. Kwa bomba la duara lenye mtiririko wa tabaka uliokwisha kutulia, namba hiyo ni 4,36 ikiwa ukuta hupeleka kwa maji kiasi kile kile cha joto kila mahali, na 3,66 ikiwa halijoto ya ukuta ni ile ile kila mahali. Haitegemei kasi ya maji. Wepesi wa maji kupokea joto hupatikana kwa kuzidisha namba ya Nusselt kwa uwezo wa maji wa kupitisha joto, kisha kugawanya kwa kipenyo cha bomba.

Ichukuliwe namba 4,36. Katika bomba la kipenyo cha milimita 10, kila mita ya mraba ya ukuta hupokelewa wati 262 kwa kila digrii moja ya tofauti kati ya ukuta na maji. Katika bomba la mikromita 100, ambalo ni jembamba mara 100, hupokelewa wati 26 160. Maji ni yale yale na sheria ni ile ile. Kilichobadilika ni umbali. Faida hiyo ina gharama yake, kwa maana maji hayapiti njia nyembamba bila kusukumwa kwa nguvu.

3. Mfano wa Stanford, 1981: ukuta uwapo msaidizi

Mwaka 1981 David Tuckerman na Fabian Pease, wa Chuo Kikuu cha Stanford huko California, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo hutajwa hadi leo. Waliona kwamba vipande vya silikoni vya kompyuta vitaendelea kutoa joto jingi katika eneo dogo, na kwamba hewa ya feni haitatosha. Walichonga mifereji katika mgongo wa kipande chenyewe cha silikoni: kila mfereji ulikuwa na upana wa mikromita 50 na kina cha mikromita 302 hivi, na kati ya mfereji na mfereji kulikuwa na ukuta wa mikromita 50. Walipitisha maji kwa tofauti ya shinikizo ya baa 2 na zaidi kidogo, takriban sentimita za ujazo 8,6 kwa sekunde. Chombo kiliondoa wati 790 katika kila sentimita ya mraba, na halijoto ya juu kabisa ya silikoni ilizidi ile ya maji yaingiayo kwa digrii 71 tu.

Hesabu fupi yaonyesha digrii hizo 71 zilikotoka. Maji ya wingi huo yakipokea wati 790 hupanda kwa digrii 22 hivi kutoka mwanzo hadi mwisho wa mfereji. Digrii 49 zilizobaki ndizo tofauti iliyohitajika ili joto lipite katika silikoni na kuingia katika maji. Ni katika sehemu hii ndipo ukuta unapoingia kazini.

Joto lilitoka chini, kwenye sakafu ya mifereji. Lau lingeingia katika maji kupitia sakafu peke yake, eneo lingekuwa dogo mno. Lakini joto lilipanda ndani ya kuta zilizosimama kati ya mifereji, likaingia katika maji kutoka pande zake mbili. Kuta zilikuwa kama mapezi ya samaki yaliyotumbukizwa majini. Pezi hufanya kazi vizuri likiwa na halijoto inayokaribiana na ile ya sakafu kutoka chini hadi ncha. Likiwa kipitishi dhaifu, joto huishia karibu na shina, na ncha husimama bure.

Kwa vipimo vya chombo hicho, na kwa namba ya Nusselt ya karibu 6 inayofaa mfereji mrefu wa pembe nne, hesabu ya kawaida ya mapezi hutoa matokeo yafuatayo. Pezi la silikoni hufanya asilimia 76 ya kazi ambayo lingefanya kama lingekuwa na halijoto moja mahali pote. La shaba lingefanya asilimia 89. La chuma kisichoshika kutu lingefanya asilimia 31, na la kioo asilimia 8 tu. Umbo ni lile lile na maji ni yale yale. Mtu aliyechora mfereji bila kuuliza ukuta ni wa maada gani amechora nusu ya chombo.

4. Tatizo ambatani

Hapa pana ugumu ambao hesabu za zamani ziliukwepa. Tangu miaka ya 1880, Leo Graetz alipotatua kwa hesabu swali la joto katika mtiririko ndani ya bomba, desturi ilikuwa kuamua tangu mwanzo jinsi ukuta ulivyo: ama halijoto yake inajulikana, ama wingi wa joto linalotoka humo unajulikana. Namba 3,66 na 4,36 zilizotajwa hapo juu ni matunda ya maamuzi hayo mawili. Katika chombo halisi hakuna aliyeamua. Halijoto ya ukuta hutegemea jinsi maji yanavyopokea joto. Jinsi maji yanavyopokea joto hutegemea halijoto ya ukuta. Kila upande unamngoja mwenzake.

Mwaka 1961 T. L. Perelman, mtaalamu wa Umoja wa Kisovieti wa wakati huo, alichapisha makala yaliyolipa swali hili jina lake katika sayansi ya joto. Kiini chake ni kwamba kanuni ya upitishaji ndani ya ukuta na kanuni ya uchukuzi ndani ya kimiminika zitatuliwe kwa pamoja. Katika uso wanapokutana, masharti ni mawili tu: halijoto ya ukuta na ya kimiminika ni moja, na joto litokalo katika ukuta ni sawa na joto liingialo katika kimiminika. Mengine yote hutokana na hesabu.

Kwa Kiswahili, jina «tatizo ambatani» lafaa kwa sababu ya kitenzi kilichomo ndani yake. Kuambatana kuna kiambishi cha kutendana: hakuna anayeambatana peke yake. Kinyume chake, kusema kwamba ukuta «unapitisha» joto kwenda kwa maji kunampa ukuta nafasi ya mtenda na maji nafasi ya mtendwa, na huo ndio mtazamo wa zamani. Umbo la neno, katika jambo hili, linaweza kumsaidia mwanafunzi kushika wazo.

5. Joto linalopanda mkondo

Pezi la Stanford lilihusu joto linalopanda kutoka sakafu kwenda juu, kukingama na mkondo. Sasa izingatiwe njia nyingine: joto linalotembea ndani ya ukuta kwa urefu wa mfereji.

Maji huingia yakiwa baridi na hutoka yakiwa ya moto. Kwa hiyo ukuta nao ni baridi zaidi mwanzoni na wa moto zaidi mwishoni. Kanuni ya Fourier haina upendeleo: palipo na mteremko wa halijoto, joto litateremka. Sehemu ya joto iliyotiwa katika ukuta karibu na mwisho wa mfereji itarudi nyuma ndani ya ukuta, kinyume cha mkondo wa maji, na kuingia katika maji karibu na mwanzo. Maji yanashuka, joto linapanda.

Je, sehemu hiyo ni kubwa au ndogo? Mwaka 2004 Gaël Maranzana, Isabelle Perry na Denis Maillet, wa Nancy nchini Ufaransa, walipendekeza namba moja ya kupimia jambo hili, waliyoiita M. Namba hiyo hulinganisha mambo mawili: wepesi wa ukuta wa kupeleka joto kwa urefu wake, na wepesi wa maji wa kulichukua. Juu ya mstari huwekwa uwezo wa ukuta wa kupitisha joto, ukizidishwa kwa eneo la mkato wa ukuta na kugawanywa kwa urefu wa mfereji. Chini ya mstari huwekwa uzito wa maji yapitayo kwa sekunde, ukizidishwa kwa joto linalohitajika kupandisha kila kilo kwa digrii moja. Walionyesha kwamba M ikiwa chini ya 0,01, joto linalorudi nyuma laweza kupuuzwa. Ikizidi hapo, ni kosa kulipuuza.

Mifano ya hesabu itasaidia. Ichukuliwe kwanza bomba la shaba la kawaida: kipenyo cha ndani milimita 10, unene wa ukuta milimita 1, urefu mita 1, na maji yanayopita kwa namba ya Reynolds 1000, yaani sentimita 10 kwa sekunde. M ni 0,0004 hivi. Ingawa shaba ni kipitishi bora, ukuta hauna neno la kusema. Maji ni mengi mno.

Sasa ichukuliwe bomba dogo la shaba: kipenyo cha ndani mikromita 100, unene wa ukuta mikromita 100, urefu milimita 50. Eneo la mkato wa ukuta sasa ni mara 8 ya eneo la njia ya maji, ilhali katika bomba la kwanza halikufikia hata nusu yake. Kwa namba ya Reynolds 100, maji hupita kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde, na M ni 0,015: mpaka umekwisha vukwa. Kwa namba ya Reynolds 10, M ni 0,15. Bomba hilo hilo likitengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu, M kwa namba ya Reynolds 10 ni 0,006 hivi. Kwa kioo, 0,0004, sawa na bomba kubwa la shaba lililotajwa kwanza.

Mafunzo mawili yanatoka hapa. La kwanza, udogo peke yake hauleti shida. Shida huletwa na ukuta mnene wenye wepesi wa kupitisha joto, pamoja na maji machache. Katika chombo cha Stanford maji yalikuwa mengi kiasi kwamba joto la kurudi nyuma halikuwa na uzito. La pili, M hupanda kadiri maji yanavyopunguzwa kasi. Funzo hili la pili ndilo lililoleta utata katika maabara.

6. Vipimo vilivyohitaji kusomwa upya

Katika miaka ya 1990 vipimo vingi vya mifereji midogo vilichapishwa, na havikupatana. Baadhi vilitoa namba ya Nusselt iliyo juu ya ile ya vitabu, vingine iliyo chini yake sana. Mwaka 1996, kwa mfano, X. F. Peng na G. P. Peterson walichapisha kanuni iliyotokana na vipimo vyao, ambamo namba ya Nusselt hupanda pamoja na namba ya Reynolds hata katika mtiririko wa tabaka, ingawa nadharia husema kwamba mtiririko uliokwisha kutulia hauna utegemezi huo. Swali likazuka: je, maji katika njia nyembamba hufuata sheria nyingine?

Sababu kadhaa zilitolewa na watafiti waliofuata. Upana wa mfereji ni vigumu kuupima, na kosa dogo katika upana huleta kosa kubwa katika matokeo. Mtiririko huhitaji umbali fulani ili utulie, na mfereji mfupi waweza kwisha kabla. Maji yakipata moto huwa mepesi kutiririka. Pamoja na hayo yote, kuna ukuta.

Njia ya kawaida ya kupima ni hii. Mpimaji hutia joto kwa usawa nje ya mfereji, hupima halijoto ya maji yanapoingia na yanapotoka, na hupima halijoto ya ukuta mahali kadhaa. Halijoto ya maji katikati ya mfereji hawezi kuipima, kwa kuwa kipimio kingeziba njia. Kwa hiyo huikisia: kwa kuwa joto limetiwa kwa usawa, huchora mstari mnyoofu kutoka halijoto ya mwanzo hadi ya mwisho. Kisha hutoa halijoto ya maji katika ile ya ukuta, na kutokana na tofauti hiyo hupata namba ya Nusselt.

Kosa limo katika mstari mnyoofu. Joto lilitiwa kwa usawa nje ya ukuta, lakini halikuingia kwa usawa katika maji, maana sehemu yake ilirudi nyuma. Maji yalipokea joto jingi mwanzoni na kidogo mwishoni. Halijoto yake ya kweli ilipanda upesi kwanza, kisha polepole. Katikati ilikuwa juu ya ule mstari. Ichukuliwe kwamba katikati ya mfereji ukuta una digrii 50, mstari unasema maji yana digrii 40, na kweli yana digrii 45. Mpimaji huona tofauti ya digrii 10 pale ambapo ni 5. Ikiwa joto liingialo mahali hapo linakaribiana na wastani, ataandika namba ya Nusselt iliyo nusu ya ile ya kweli.

Akirudia jaribio kwa maji ya kasi zaidi, M itashuka, mstari utakaribia ukweli, na namba ya Nusselt anayoiandika itapanda. Akiwa na safu nzima ya majaribio, atachora mchoro ambamo namba ya Nusselt inategemea kasi ya maji. Mchoro huo utakuwa safi, utarudiwa na maabara nyingine yenye vyombo vya namna hiyo, na utamdanganya. Maji hayakubadili sheria. Kilichobadilika ni sehemu ya joto iliyopitia ukutani.

Haifai kusema kwamba kila kipimo cha miaka ile kilipotoshwa na ukuta. Sababu zilikuwa nyingi, na kila chombo kina habari zake. Hata hivyo, hesabu ya tatizo ambatani ilipofanywa pamoja na vipimo vya uangalifu zaidi, sheria za kale za mtiririko wa tabaka zilionekana kuendelea kutawala maji katika mifereji ya makumi ya mikromita. Kwa hiyo mtafiti anayetangaza sheria mpya huulizwa kwanza: M yako ilikuwa ngapi?

7. Kioo mahali pa shaba

Baada ya vipimo yafuata vyombo. Kuna chombo kimoja ambamo joto la kurudi nyuma huharibu kazi yenyewe: kibadilishi joto chenye mikondo inayopishana. Mkondo wa moto huenda upande mmoja, mkondo wa baridi huenda upande mwingine, na ukuta huwatenganisha. Uzuri wa mpango huu ni kwamba, mikondo ikiwa sawa na chombo kikiwa kirefu vya kutosha, mkondo wa baridi ulioingia na digrii 10 waweza kutoka na karibu digrii 90, ambazo mkondo wa moto uliingia nazo. Sharti ni kwamba ukuta uwe wa moto upande mmoja na baridi upande wa pili.

Ukuta wenye wepesi mwingi wa kupitisha joto hauwezi kulinda tofauti hiyo. Joto hukimbia ndani yake kutoka upande wa moto hadi wa baridi, na ukuta mzima huelekea kuwa na halijoto moja. Ukifika hapo, mikondo yote miwili huelekea halijoto ya ukuta, na hakuna uwezao kuvuka: wa baridi hutoka na digrii 50, wa moto pia digrii 50. Chombo kilichoweza kurudisha joto karibu lote sasa hurudisha nusu tu, hata kikirefushwa namna gani. Mwaka 1999 watafiti wa Kijerumani Stief, Langer na Schubert walichunguza kwa hesabu uwezo wa kupitisha joto uliofaa zaidi kwa kuta za vibadilishi vidogo, na uchunguzi huo ulithibitisha kwamba uwezo mkubwa zaidi si lazima uwe bora.

Mtu aweza kuuliza: je, ukuta wa kioo hautazuia joto lisivuke kutoka mkondo hadi mkondo? Kwa gesi, hauzuii sana. Ukuta wa kioo wa mikromita 100 huleta pingamizi ambalo ni kama moja ya kumi tu ya pingamizi la gesi ya nitrojeni yenyewe katika mfereji wa upana huo. Joto likisafiri kwa kukingama lina mikromita 100 za kuvuka. Likisafiri kwa urefu lina sentimita kadhaa. Kioo ni chepesi vya kutosha kwa safari fupi na kizito vya kutosha kwa safari ndefu. Kwa maji hesabu hugeuka, kwa kuwa maji hupokea joto kwa wepesi zaidi kuliko gesi, na kioo kingekuwa kizuizi kikuu.

Mfano halisi ulitoka Stanford hiyo hiyo. Mwaka 1984 William A. Little alieleza mashine ndogo za ubaridi ambazo mifereji yake ilichongwa katika vipande vyembamba vya kioo. Gesi yenye shinikizo kubwa ilipoozwa njiani na gesi iliyokuwa ikirudi, kisha ikaachiwa itanuke na kupoa zaidi, hadi kiwango cha nitrojeni kuwa kimiminika, yaani karibu digrii 200 chini ya sifuri. Ubaridi huo upo kwenye ncha moja ya kipande cha sentimita chache, na ncha nyingine ina halijoto ya chumba. Lau kipande kingekuwa cha shaba, joto la chumba lingeufikia ubaridi kupitia ukutani, na kazi ya gesi ingepotea bure.

Basi katika chuo kimoja, kwa muda wa miaka mitatu, mifereji ya ukubwa unaokaribiana ilichongwa katika maada mbili zinazopingana: silikoni ipitishayo joto kwa wepesi, na kioo kilizuiacho. Uchaguzi wote miwili ulikuwa sahihi. Tuckerman na Pease walihitaji joto lisambae katika ukuta. Little alihitaji lisisambae.

8. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba katika mfereji mdogo ukuta ni njia ya joto kama yalivyo maji, na njia hiyo ina pande mbili. Kwa kukingama, ukuta upitishao joto kwa wepesi hulipeleka mahali pengi na kuyapa maji nafasi ya kulipokea. Kwa urefu, wepesi huo huo hurudisha joto nyuma, hupotosha vipimo, na hufuta tofauti za halijoto ambazo chombo kilijengwa ili kuzilinda.

Kutokana na hayo, mhandisi anayechagua maada ya ukuta hana budi kuuliza kwanza joto linatakiwa liende upande gani, ndipo aangalie jedwali la uwezo wa kupitisha. Mpimaji naye hana budi kukadiria namba M kabla ya kuwasha chombo chake; hesabu hiyo haihitaji zaidi ya kalamu na karatasi, na yaweza kumwokoa na miezi ya kazi isiyo na maana. Kwa mwalimu wa sayansi afundishaye kwa Kiswahili, kazi ni kulinda tofauti kati ya joto na halijoto katika kila sentensi. Mpimaji wa sehemu ya sita alijua halijoto ya ukuta wake barabara. Alichokosa ni kujua joto lilipitia wapi.